Vera Menchik: Mwanamke Aliyejibu Dhihaka kwa Kete

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo hutajwa kila siku kwenye viwanja vya michezo, lakini ni watu wachache ambao maisha yao yameithibitisha kama yalivyoithibitisha maisha ya Vera Menchik, mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa sataranji. Alizaliwa katika jiji la Moscow mwaka 1906, akapata umaarufu wake nchini Uingereza, na akauawa na bomu la Wajerumani jijini London mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 38 tu.

Katika uhai wake waandishi wa magazeti na wachezaji mashuhuri wa Ulaya walibishana sana juu ya swali moja: je, mwanamke anao uwezo wa akili wa kushindana na wanaume katika mchezo huo mgumu? Wengi walilijibu swali hilo kabla ya kuona lolote. Yeye mwenyewe hakulijibu kwa maneno. Aliketi mbele ya ubao, akacheza, na matokeo yakaandikwa, ya ushindi na ya kushindwa pia.

JESHI JUU YA UBAO

Ndugu wasomaji walio kambini na katika vituo vya polisi wanaujua vizuri mchezo wa bao na ule wa drafti, ambayo huchezwa kwenye mabwalo baada ya saa za kazi. Sataranji ni ndugu wa michezo hiyo, na kwa mwanajeshi una mvuto wa pekee. Chimbuko lake ni Bara Hindi, ambako jina lake la kale lilimaanisha sehemu nne za jeshi, yaani askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Kutoka huko ulifika Uajemi, ukapokewa na Waarabu, na baadaye ukaenea Ulaya.

Ubao wake una vyumba 64. Kila mchezaji huongoza kete 16, nane kati yake zikiwa askari wa kawaida, na shabaha ni kumzingira mfalme wa adui hadi akose pa kukimbilia. Hakuna karata za kuchanganywa wala dadu la kurushwa, hivyo aliyeshindwa hawezi kuisingizia bahati. Katika mashindano, anayeshinda hupata pointi moja, na wanaotoka sare hugawana nusu nusu. Ni vyema msomaji akumbuke hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa hakimu katika maisha ya mwanamke tunayemweleza.

KUTOKA MOSCOW HADI HASTINGS

Vera Menchik alizaliwa tarehe 16 Februari 1906. Baba yake alikuwa Mcheki aliyefanya kazi ya usimamizi wa mashamba ya mabwanyenye wa Urusi, na mama yake alikuwa Mwingereza aliyekuwa mlezi na mwalimu wa watoto katika nyumba za watu hao. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeitwa Olga. Familia ilikuwa na maisha mazuri, na baba alimiliki kinu cha kusaga nafaka. Vera alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, baba yake alimpa ubao wa sataranji na kumfundisha namna ya kusogeza kete.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipotokea, kinu kilitwaliwa na familia ikapoteza mali yake. Mwaka 1921 waliondoka Urusi. Wazazi walitengana: baba alirudi kwao Chekoslovakia, na mama akawachukua mabinti wake wawili hadi Hastings, mji ulio kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, kuishi na bibi yao.

Vera alikuwa na umri wa miaka 15. Lugha aliyoizoea ilikuwa Kirusi, na Kiingereza chake kilikuwa haba, hivyo alikuwa mgeni katika nchi ya mama yake mwenyewe. Kati ya mambo yote aliyoyajua, lilikuwepo moja ambalo halikuhitaji maneno. Mji wa Hastings ulikuwa na klabu mashuhuri ya sataranji, na mwaka 1923 msichana huyo aliandikishwa kuwa mwanachama. Kwenye ubao, Mwingereza na Mrusi walielewana bila mkalimani.

Bahati ilimjia pale alipopata mwalimu mwenye sifa kubwa, Géza Maróczy wa Hungaria, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora duniani mwanzoni mwa karne ya 20. Maróczy alijulikana kwa ulinzi wake imara na kwa ustadi wa kumalizia mchezo kete zinapobaki chache. Mambo hayo aliyarithisha kwa mwanafunzi wake. Vera hakuwa mchezaji wa kushambulia kwa pupa. Alijenga ngome yake polepole, akailinda, na kungoja mpinzani achoke au akosee.

Mwaka 1925 alimshinda bingwa wa wanawake wa Uingereza, Edith Price, katika mapambano mawili. Mwaka 1926 alitwaa ubingwa wa wasichana wa Uingereza katika mashindano ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka uliofuata Shirikisho la Sataranji la Dunia liliandaa jijini London mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa wanawake. Washiriki walikuwa 12. Vera alicheza michezo 11, akashinda 10 na kutoka sare mmoja. Kwa hiyo akiwa na miaka 21 alikuwa bingwa wa dunia.

DHIHAKA YA CARLSBAD

Ubingwa huo haukuwanyamazisha wenye shaka. Walisema kuwa kuwashinda wanawake wenzake si kitu, kwa kuwa wanawake walioujua mchezo huo walikuwa wachache. Hoja hiyo haikukosa msingi, na Vera mwenyewe alionekana kuielewa, maana hakuridhika kukaa katika mashindano ya wanawake peke yake. Alitafuta nafasi ya kucheza na wanaume waliokuwa na nguvu kumzidi.

Mapema mwaka 1929, katika mji wa Ramsgate nchini Uingereza, alipata pointi tano katika michezo saba. Alishika nafasi ya pili pamoja na Akiba Rubinstein wa Polandi, nusu pointi tu nyuma ya José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, na akamzidi hata mwalimu wake Maróczy. Kutokana na matokeo hayo aliitwa kwenye mashindano makubwa kabisa ya mwaka huo, yaliyofanyika Carlsbad, Chekoslovakia, mji ambao siku hizi huitwa Karlovy Vary. Wachezaji walikuwa 22. Wanaume walikuwa 21, na mwanamke alikuwa mmoja.

Wapo waliochukia kumwona hapo. Miongoni mwao alikuwa Albert Becker wa Vienna, mchezaji hodari na mhariri wa jarida la sataranji la jiji hilo. Becker alitoa shauri la mzaha mbele ya wenzake, kwamba kila mwanamume atakayeshindwa na Bi. Menchik aingizwe katika klabu itakayopewa jina la mwanamke huyo. Wenzake walicheka. Mzaha huo ulienea, na ukawa habari ya kusimuliwa popote sataranji ilipochezwa.

Haukupita muda mrefu Becker mwenyewe akapangiwa kucheza na Vera. Waliketi, wakacheza, na Becker akashindwa. Ikawa yeye ndiye mwanachama wa kwanza wa klabu aliyoibuni. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Becker alimaliza mashindano akiwa na pointi 12, sawa na wengine wawili, katika nafasi ya tano hadi ya saba. Lau angeipata ile pointi moja aliyoipoteza kwa mwanamke aliyemcheka, angeshika nafasi ya tano peke yake.

Lakini msimulizi mwaminifu haishii hapo. Vera alishinda michezo miwili katika mashindano hayo, dhidi ya Becker na dhidi ya Friedrich Sämisch wa Ujerumani. Alitoka sare mara mbili, akashindwa mara 17. Alipata pointi tatu katika michezo 21 na kuwa wa mwisho. Wale waliosema kuwa hakustahili kuwepo Carlsbad walikuwa na tarakimu za kuonyesha.

Ndipo ilipojitokeza sauti ambayo haikutarajiwa. Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo, alikuwepo Carlsbad akiliandikia gazeti la New York Times la Marekani. Alieleza kuwa hakutaka kutoa hukumu mapema, na kwamba alingoja kwanza michezo mingi ipite. Baada ya kuichunguza, aliwaambia wasomaji wake kuwa mwanamke huyo alikuwa na kipaji cha pekee, kwamba alipoteza baadhi ya michezo aliyokuwa na nafasi nzuri ndani yake, na kwamba alichohitaji ni mafunzo na uzoefu zaidi.

Tofauti ya watu hao wawili ni kubwa. Becker alitoa hukumu kabla ya jaribio. Alekhine alingoja jaribio, akatazama tarakimu, kisha akatazama pia namna zilivyopatikana. Afisa yeyote aliyewahi kupima kuruta anajua ni yupi kati yao aliyefanya kazi ya ukaguzi ipasavyo.

KLABU YAPATA WANACHAMA

Mtu mwingine baada ya kushindwa mara 17 angerudi nyumbani na kubaki na taji lake la wanawake. Vera alikubali kila mwaliko uliomjia. Kila majira ya Krismasi klabu ya Hastings iliandaa mashindano ya kimataifa, na huko ndiko ile klabu ya mzaha ilikopata wanachama wake wenye sifa kubwa.

Max Euwe wa Uholanzi alishindwa naye katika mashindano ya mwaka 1930/31, akashindwa tena katika yale ya mwaka 1931/32. Huyu Euwe hakuwa mtu mdogo, kwa maana mwaka 1935 alimshinda Alekhine na kuwa bingwa wa dunia. Watani wakasema kuwa yeye ndiye anayestahili kuwa rais wa klabu. Samuel Reshevsky wa Marekani, aliyestaajabisha dunia kwa ustadi wake tangu utotoni, naye aliingia. Pia aliingia Sultan Khan wa Bara Hindi, aliyekuwa bingwa wa Uingereza, na Sir George Thomas, Mwingereza aliyeandikishwa mara nyingi kuliko wote. Jina la klabu lilibaki lile lile, ila kicheko kilihamia upande wa pili.

Mwaka 1934 katika mji wa Maribor, Yugoslavia, alishika nafasi ya tatu na kumwacha nyuma Rudolf Spielmann wa Austria, ambaye kule Carlsbad alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Mwaka 1935 alialikwa Moscow, mji aliozaliwa, kwenye mashindano ya wachezaji 20. Huko mambo yalimwendea vibaya. Hakushinda hata mchezo mmoja, akapata sare tatu tu, akawa wa mwisho. Katika maisha yake yote hakuwahi kumshinda Capablanca wala Alekhine. Wawili hao walikuwa juu yake, na hakuna faida kuficha jambo hilo.

Miongoni mwa wanawake, hata hivyo, hakuna aliyemkaribia. Aliutetea ubingwa wake mara sita katika mashindano: Hamburg mwaka 1930, Prague mwaka 1931, Folkestone mwaka 1933, Warsaw mwaka 1935, Stockholm mwaka 1937 na Buenos Aires mwaka 1939. Ukijumlisha na yale ya London, alicheza michezo 83, akashinda 78, akatoka sare minne na kushindwa mmoja tu, kule Hamburg. Mwaka 1937 alimshinda pia Sonja Graf wa Ujerumani, aliyemfuatia kwa uwezo, katika pambano rasmi la ubingwa kwa pointi 11 na nusu dhidi ya nne na nusu.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Kama Vera angebaki katika mashindano ya wanawake peke yake, angekufa akiwa na rekodi karibu safi, na kule kushindwa kwingi kwa Carlsbad na Moscow kusingekuwepo. Lakini pia asingemshinda Euwe, wala Reshevsky, wala Sultan Khan, na wenye shaka wangeendelea kusema kuwa hajapimwa.

VITA VYAINGIA NYUMBANI

Mwaka 1937 aliolewa na R. H. S. Stevenson, Mwingereza mwenye umri mkubwa kumzidi, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa sataranji nchini humo. Kwa ndoa hiyo akawa raia wa Uingereza, na ndiyo nchi aliyoiwakilisha Buenos Aires mwaka 1939.

Mashindano hayo ya Argentina yalikuwa bado yanaendelea pale Ujerumani ilipoivamia Polandi tarehe 1 Septemba. Wachezaji wa mataifa yaliyokuwa yakipigana walijikuta wamo katika ukumbi mmoja. Sonja Graf, aliyekuwa hapatani na serikali ya Hitler, hakucheza chini ya bendera ya nchi yake. Alipokutana na Vera alikuwa na nafasi bora ya kushinda, lakini alikosea mwishoni, na Vera akausubiri upenyo huo kama alivyofundishwa. Albert Becker naye alikuwepo jijini humo na timu ya wanaume ya Ujerumani. Becker na Graf walibaki Argentina, kama wachezaji wengine wengi. Vera alirudi London.

Huko alipewa kazi ya kusimamia Kituo cha Taifa cha Sataranji, kilichofunguliwa mwaka 1939 ndani ya duka kubwa katika mtaa wa Oxford. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zililishambulia jiji, na kituo kikateketea. Mwaka 1942 alicheza pambano na Jacques Mieses, mzee aliyekuwa amekimbia Ujerumani kwa sababu ya Uyahudi wake, akamshinda kwa pointi sita na nusu dhidi ya tatu na nusu. Mwaka 1943 mume wake alifariki dunia. Vera akawa mjane, akiishi na mama yake na mdogo wake Olga, ambaye naye alikuwa mchezaji mzuri, katika eneo la Clapham, kusini mwa London.

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Washirika yalitua Normandy, na watu wa London walianza kuamini kuwa hatari imewapita. Wiki moja baadaye Wajerumani walianza kurusha silaha mpya, bomu lenye mabawa na injini, lililoruka bila rubani likiwa na baruti ya kilo 850 hivi. Wananchi walijifunza kuisikiliza sauti yake. Ilipokatika ghafla, walijua kuwa bomu linaanguka. Silaha hiyo haikuwa na uwezo wa kuchagua kati ya kambi na nyumba ya raia, na iliua watu zaidi ya 5,000 nchini Uingereza.

Mwishoni mwa Juni bomu moja lilianguka juu ya nyumba ya akina Menchik. Vera, Olga na mama yao walikuwa wamejificha katika chumba cha chini ya nyumba. Wote watatu walikufa pamoja. Vera alikuwa bado bingwa wa dunia. Hakuna aliyemnyang'anya taji hilo kwenye ubao, na kiti chake kilikaa wazi hadi mwaka 1950, alipopatikana bingwa mwingine, Lyudmila Rudenko wa Urusi ya Kisovieti.

MABISHANO YANAYOJIRUDIA

Mtu angedhani kuwa baada ya maisha kama hayo swali lingefungwa. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1960 Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, alijigamba kuwa angeweza kumpunguzia mwanamke yeyote kete ya farasi na bado akamshinda. Mwaka 1978 Nona Gaprindashvili wa Georgia akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa cheo cha granmasta, kilicho cha juu kabisa katika mchezo huo. Mwaka 1991 Judit Polgár wa Hungaria alikipata cheo hicho akiwa na miaka 15, mapema kuliko Fischer alivyokipata. Baadaye alifika nafasi ya nane duniani kati ya wanaume na wanawake wote.

Hata hivyo, mwaka 2015 Nigel Short wa Uingereza aliandika katika jarida moja kwamba bongo za wanaume na wanawake zimeumbwa tofauti kuhusu mchezo huo, na magazeti ya nchi nyingi yakawaka kwa mabishano. Wasomaji walikumbushana kuwa Short alikuwa ameshindwa na Polgár mara nyingi kuliko alivyomshinda.

Ni kweli kuwa hadi leo wanaume ndio wengi kileleni. Lakini kilele hutegemea upana wa msingi. Mwaka ambao Vera alitwaa taji, wanawake 12 tu ndio walioshindania ubingwa wa dunia nzima, na mwalimu wa ngazi ya Maróczy hakupatikana kwa kila msichana. Anayetaka kulinganisha majeshi mawili sharti kwanza ahesabu askari wa kila upande, na aulize wamefunzwa kwa muda gani.

Tangu mwaka 1957 timu za wanawake za mataifa hushindania kombe lenye jina la Vera Menchik, na mwaka 2011 jina lake liliingizwa, la kwanza la mwanamke, katika Jumba la Heshima la Sataranji la Dunia.

Katika majeshi na polisi za nchi zetu, wanawake wamevaa sare na kusimama katika gwaride kwa miaka mingi sasa. Bado wapo miongoni mwetu wanaotoa hukumu kama Becker, kabla kuruta hajashika silaha wala kukimbia hatua moja. Kiongozi mwenye busara atampa kila askari jaribio lile lile na mafunzo yale yale, kisha ataandika matokeo kama yalivyo. Vera Menchik hakuwahi kuomba zaidi ya hapo.